Barua ya wazi kwa wakuu wa Tanzania, Msumbiji na SADC: ushirikiano dhidi ya ugaidi ufike mtoni Ruvuma

Kwa Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania;
Kwa Mheshimiwa Daniel Chapo, Rais wa Jamhuri ya Msumbiji;
Na kwa wakuu wote wa nchi za SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Waheshimiwa,

Mimi ni mkulima wa korosho wa Mtwara. Wajomba zangu wako Msumbiji, upande wa Palma na Nangade, na kabla mambo hayajaharibika tulikuwa tukivuka kwenda kuzikana, kuozana na kujuliana hali bila kuhisi kwamba tumetoka nchi moja na kuingia nyingine. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo nililo nalo linawahusu ninyi nyote kwa pamoja, na kila mmoja akiambiwa peke yake huwa ana namna ya kulisukuma kwa mwenzake.

Jambo lenyewe ni hili. Ushirikiano wenu dhidi ya ugaidi umeanzia juu na umeishia huko huko juu. Marais wamekutana, wakuu wa polisi wametia saini, majeshi yamevuka mipaka, na Februari 2022 SADC ilizindua kituo chake cha kupambana na ugaidi pale Dar es Salaam. Lakini mtu anayeishi ukingoni mwa Ruvuma, ambaye ndiye wa kwanza kumwona mgeni mwenye nia mbaya, hana pa kupeleka alichokiona kikafika nchi zote mbili kwa wakati, naye akabaki salama pamoja na watoto wake. Wauaji wanalijua pengo hilo, na wamelitumia miaka yote hii.

Vita ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo ya mto wetu, ilianza tarehe 5 Oktoba 2017, watu wenye silaha walipovamia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia. Tangu siku hiyo wamekufa watu zaidi ya 6,000, na kufikia mwishoni mwa 2022 waliokuwa wameyakimbia makazi yao walikaribia milioni moja. Upande wetu wengi waliyachukulia hayo kuwa ni mambo ya Msumbiji. Sisi wa kando ya mto hatukupata nafasi ya kuyachukulia hivyo. Watu wa vijiji vyetu wana mashamba ng'ambo, kwa sababu bonde la upande ule lina rutuba na maji, na mtu halimi kwa kufuata ramani. Juni 2019 wakulima wa Kitanzania waliuawa huko huko mashambani. Mwaka uliofuata, katikati ya Oktoba 2020, wauaji wenyewe wakavuka kuja kwetu. Kijiji cha Kitaya kilivamiwa, nyumba zikachomwa, watu wakauawa. Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati huo, Simon Sirro, aliliambia taifa kwamba wavamizi walikuwa zaidi ya 300 na walitokea Msumbiji.

Watu zaidi ya 300, Waheshimiwa. Kundi la ukubwa huo haliteremki kutoka mawinguni. Lilikusanyika mahali, likala mahali, likatembea porini, likavuka maji. Mchungaji wa mbuzi aliwaona. Mvuvi aliwaona. Mama aliyekwenda kuangalia mpunga wake aliona nyayo ambazo si za watu wa kijijini. Siwezi kuwatajia majina yao, na hata ningeyajua nisingeyataja, lakini yeyote aliyekulia huku anafahamu kwamba kwenye bonde lile watu 300 hawawezi kupita bila macho kuwaona. Swali langu ni kwa nini macho hayo hayakuwa na mdomo.

Tuanze na mtu mmoja, kijana anayevusha watu kwa mtumbwi. Ruvuma yetu ya huku chini ni pana, ina mamba na viboko, lakini kiangazi maji hupungua mpaka mchanga ukatokeza katikati, na sehemu nyingine mtu mzima huvuka kwa miguu, nguo kaziviringa kichwani. Mpaka wetu una urefu wa kilomita takriban 800, na vivuko rasmi vinahesabika kwa vidole. Kwingine kote ni mitumbwi. Kijana wa mtumbwi anamjua kila abiria wake. Huyu ni mama anayepeleka sukari na ndala, atarudi kesho na samaki wakavu. Huyu ni mzee anayekwenda msibani. Wale ni mtu na mkewe wanaokwenda kupalilia. Siku akitokea mgeni asiyeuliza nauli, mwenye begi ambalo hataki lishikwe, anayetaka kuvushwa baada ya magharibi na kuteremshwa mahali pasipo na njia, kijana yule anajua mara moja kwamba hapa pana jambo. Hakuna chombo chochote cha ujasusi, hapa kwetu wala Maputo, kitakachojua kabla yake.

Sasa ajue, halafu afanye nini? Akienda kituoni, swali la kwanza ataulizwa yeye. Ulimvusha kwa kibali gani? Kwa nini ulipokea hela yake? Kivuko chako kimesajiliwa wapi? Kwa kuwa anafanya kazi kwenye kivuko kisichotambuliwa, yeye ndiye mkosaji wa kwanza aliye karibu kukamatwa, na mgeni amekwisha kwenda zake. Akilala mahabusu, mtumbwi unaoza na mama yake hana chakula. Akitoka, watu wa yule mgeni wana habari kwamba alikwenda kusema. Ananyamaza. Na tukisema ukweli, nani kati yetu angefanya vingine?

Na tuseme kijana huyo ni jasiri, na mtendaji wa kijiji ni mwelewa, taarifa ikapokelewa. Inapanda kwa mtendaji wa kata, inakwenda kwa Mkuu wa Wilaya na kamati yake ya ulinzi na usalama, inafika mkoani, inakwenda Dar es Salaam au Dodoma. Ili imfikie kamanda wa Msumbiji aliye ng'ambo, mahali ambapo kijana wetu anaweza kuonyesha kwa kidole, ni lazima iende Maputo kwanza, ambako ni mbali kuliko Nairobi, igeuzwe Kireno, ianze safari ya kurudi kaskazini kupitia Pemba, mji mkuu wa Cabo Delgado. Ikifika, kama itafika, kijiji kimekwisha kuungua.

Hii si mara ya kwanza kwa maneno ya watu wa chini kupotea njiani. Miaka kadhaa kabla ya 2017, masheikh na wazee wa misikiti ya Cabo Delgado walikwenda kwenye ofisi za serikali kueleza kwamba kuna vijana wamejitenga, wanakataza watoto wasiende shule, wanaitukana dini ya wazazi wao, na wamejengewa misikiti yao na walimu wageni. Watafiti wa Msumbiji wenyewe wameyaandika hayo. Wazee wale walichukuliwa kama watu wenye ugomvi wa kidini wa ndani. Leo wapo wanaowasema Waislamu wa pwani kana kwamba walikaa kimya. Hawakukaa kimya. Walisema mapema kuliko mtu yeyote, wakapuuzwa, na baadaye vichwa vyao vikawa miongoni mwa vya kwanza kukatwa.

Nitaje na watu wawili ambao majina yao yanajulikana. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa habari aliyeripoti mauaji ya Kibiti. Alitoweka tarehe 21 Novemba 2017. Ibraimo Mbaruco alikuwa mtangazaji wa redio ya jamii pale Palma. Alitoweka tarehe 7 Aprili 2020, na ujumbe wake wa mwisho kwa mwenzake ulisema amezungukwa na askari. Mmoja upande wetu, mmoja upande wa wajomba zangu, na hakuna hata mmoja ambaye familia yake imepewa jibu. Waheshimiwa, ninyi mnaliona hili kama suala la uhuru wa habari, na ni kweli ni suala hilo. Sisi tunaliona pia kwa jicho la ulinzi. Kila mvuvi, kila bodaboda na kila mwenyekiti wa kitongoji alijifunza kutokana na watu hawa wawili kwamba anayebeba habari za vita hii anaweza kupotea, na hatatafutwa. Kabla hamjatuomba tena taarifa, jibuni kwanza kuhusu Azory na Ibraimo.

Nimetaja Kibiti. Tusifanye kana kwamba moto huu ulitoka ng'ambo ukaturukia sisi tusio na hatia. Kati ya 2015 na 2017 Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilikuwa na mauaji ya wenyeviti wa vijiji, watendaji na polisi. Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa risasi kwa mpigo. Msako ulipokuwa mkali, baadhi ya waliohusika walikimbilia kusini na kuvuka mto, na miezi michache baadaye Mocímboa ikalipuka. Kabla ya hapo kulikuwa na mahubiri ya Aboud Rogo wa Mombasa, yaliyosambaa kwa Kiswahili kwenye simu na kanda hata baada ya yeye kuuawa mwaka 2012, na yakasikilizwa mpaka Cabo Delgado. Machi 2021 Marekani ilipomtaja kiongozi wa kundi la Msumbiji, ilimtaja Abu Yasir Hassan, Mtanzania. Upande wa pili wapo waasi wa ADF wa mashariki ya Congo, wenye asili ya Uganda, ambao kwa miaka kadhaa walihesabiwa na Dola ya Kiislamu kuwa mkoa mmoja na wapiganaji wa Msumbiji. Watoto wa shule ya Lhubiriha pale Mpondwe, Uganda, waliuawa Juni 2023 na watu hao wa ADF.

Kwa hiyo njia ni moja, kuanzia pwani ya Kenya, kupitia Kibiti na Mtwara, hadi Macomia huko Cabo Delgado, na tawi lake kwenda Beni, mashariki ya Congo. Wanaoipita hawaulizi ipi ni SADC na ipi ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ninyi ndio mnaoulizana. Msumbiji imo SADC, haimo Afrika Mashariki. Rwanda, iliyopeleka maelfu ya askari Cabo Delgado, imo Afrika Mashariki, haimo SADC. Uganda, Kenya na Somalia hali kadhalika. Tanzania imo kote kuwili, na ndiyo pekee kati ya hizo inayopakana na Cabo Delgado. Mheshimiwa Rais Samia, nafasi hiyo hakuna mwingine aliye nayo. Meza ya kuwakutanisha watu wa Kampala, Kigali, Nairobi, Kinshasa na Maputo kuhusu jambo hili moja inaweza kuandaliwa na Tanzania, na mpaka sasa hatujaiona.

Gharama ya kukaa meza tofauti tumekwisha kuilipa. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na kampuni ya Total ikasimamisha mradi wake wa gesi wa dola bilioni 20, ndipo wakubwa walipoharakisha kutuma majeshi. Julai 2021 Wanyarwanda walifika kwa makubaliano yao na Maputo, na siku chache baadaye kikosi cha SADC, SAMIM, kikafika kwa makubaliano mengine. Kazi kubwa ilifanyika, nisiifiche. Mocímboa da Praia, iliyokuwa mikononi mwa waasi mwaka mzima, ilikombolewa Agosti 2021. Askari wa nchi hizi wamekufa kwa ajili ya watu ambao si ndugu zao, na sisi wa mpakani tunawaombea. Lakini kila jeshi lilikuwa na eneo lake na amri yake. Waasi walipopigwa Palma na Mocímboa walihamia Nangade na Macomia. Wakasogea hadi Ancuabe. Mwishoni mwa 2021 walikuwa katika jimbo la Niassa, linalopakana na Mkoa wetu wa Ruvuma, na Aprili 2025 wakaua walinzi wa wanyamapori katika hifadhi ya huko huko. Jimbo la Nampula, kusini yake, nalo limekwisha kuguswa. Julai 2024 SAMIM ikafunga virago, fedha zikiwa hazitoshi na SADC ikiwa imeanza kazi nyingine Congo. Hata kabla hawajamaliza kuondoka, Mei 10, 2024, mji wa Macomia ulivamiwa mchana kweupe. Wanajeshi wetu walibaki Nangade kwa makubaliano ya nchi mbili, na hilo lilikuwa jambo jema. Bado, Septemba 2025 wauaji waliingia tena Mocímboa da Praia usiku wakaua raia.

Sisemi majeshi yaongezwe au yapunguzwe. Hilo nawaachia wenye ujuzi wake. Ninachosema ni kwamba jeshi linaloondoka haliachi sikio nyuma yake kama halikulijenga lilipokuwepo. Wanajeshi wa Rwanda na wa Tanzania walielewana na watu wa Palma, Mocímboa na Nangade haraka kuliko wengine, na sababu mojawapo ni kwamba walizungumza nao Kiswahili. Mtu akiulizwa habari za shangazi yake kwa lugha anayoitumia nyumbani, hulegea, husema. SADC ilikwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019. Basi taarifa za mpakani ziandikwe kwa Kiswahili, na wapatikane wasikilizaji wa Kimakonde na Kimwani, badala ya kusubiri karatasi igeuzwe lugha mara mbili.

Sasa niseme jambo ambalo najua halitapendeza upande wa kwetu. Palma ilipoungua, watu walikimbilia mtoni. Walikuja mama wenye vichanga mgongoni, wazee waliosukumwa na wajukuu, watoto waliopotezana na wazazi porini. Wengi walikuwa ndugu zetu wa damu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, lilieleza kwamba kwa hesabu ya maofisa wa mpaka wa Msumbiji, hadi katikati ya 2021 watu zaidi ya 9,600 walikuwa wamerudishwa kwa nguvu kutoka Tanzania kupitia Negomano, kituo cha mpakani cha Msumbiji, mwaka huo peke yake. Walipelekwa mpaka kwenye Daraja la Umoja, lile la mita 720 lililofunguliwa 2010 na Marais Kikwete na Guebuza, wakarudishwa katika nchi waliyoikimbia wakiwa wameshika roho mkononi.

Naielewa hofu iliyokuwepo. Kitaya ilikuwa imeungua miezi michache kabla, na hakuna aliyetaka muuaji aingie amejifunika kanga. Lakini tazameni tulichokitupa. Kila mmoja wa watu wale alikuwa ametoka kuona kwa macho yake. Anajua nani aliongoza kundi lililoingia mtaani kwake, ni kijana wa nani, walizungumza lafudhi ya wapi, walitokea njia gani. Mkimkalisha mahali salama, mkamwandikisha, mkampa maji na uji, mkamsikiliza kwa utulivu, atawapa katika saa moja habari ambazo doria haitazipata kwa mwezi. Mkimpakia kwenye lori na kumrudisha, mmejinyima habari hizo, na mmemfundisha kwamba serikali mbili zimemkana. Kijana wa miaka 16 aliyekanwa na serikali mbili atapokelewa na nani huko porini? Kumwandikisha mkimbizi ni sehemu ya ulinzi wa mpaka. Ni sheria pia, maana Tanzania imeridhia mikataba ya wakimbizi na kwa miaka mingi ilisifika kwa kuitimiza.

Nasema ilisifika kwa sababu wazee wetu waliyaona. Wamakonde wa Mueda walipopigwa risasi na Wareno Juni 16, 1960, walionusurika walivuka kuja huku. FRELIMO, chama kilichoikomboa Msumbiji, kilizaliwa Dar es Salaam Juni 25, 1962. Wapiganaji wake walifundishwa hapa kwetu Nachingwea, wakimbizi wakapewa ardhi Rutamba, na watoto wao wakasomeshwa Tunduru, akiwemo Filipe Nyusi aliyekuja kuwa Rais wa Msumbiji. Ndege za Wareno zilivuka na kupiga mabomu vijiji vya upande huu, na vijiji havikusema wakimbizi waondoke. Wala msidhani siri za vita ile zilitunzwa na maofisa peke yao. Zilitunzwa na wavusha mitumbwi na wanawake waliobeba unga vichwani kuwapelekea wapiganaji. Wareno walikuwa na ndege na fedha, na hawakuweza kuwafanya watu hao waseme. Leo watu hao hao, watoto na wajukuu wao, wanashukiwa na pande zote mbili.

Kushukiwa huko kumeanza zamani kidogo. Mwanzoni mwa 2017 Watanzania walifukuzwa kwenye machimbo ya rubi ya Montepuez pamoja na wachimbaji wadogo wengine, na ilifanyika kwa ukali ambao bado unasimuliwa vijiweni kwetu. Vijana wa pwani ya Cabo Delgado nao waliona rubi yao ikizungushiwa uzio na gesi yao ikijengewa ukuta, wao wakibaki na nyavu zilizotoboka. Sisemi umaskini ndio unaochinja watu, maana maskini wengi hawajachinja mtu. Nasema wanaotafuta vijana wa kuwatuma wanajua pa kuwatafutia. Huku kwetu, familia za Kibiti na Rufiji bado zinauliza walipo watoto wao waliochukuliwa wakati wa msako. Na ng'ambo kuna mamia ya wanawake na wasichana waliotekwa na waasi. Wanaorudi, wengine wakiwa na watoto, wanahitaji kupokelewa kwa mpango mmoja na nchi zote mbili, kwa sababu wengine wana wazazi huku na wengine kule.

Msiniambie haiwezekani. Tarehe 21 Oktoba 2022 Tanzania na Msumbiji ziliwekwa siku moja kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa na shirika la kimataifa la FATF kwa udhaifu katika kuzuia utakatishaji wa fedha na ufadhili wa ugaidi. Mlibadilisha sheria, mkafundisha mahakimu, mkazibana benki na kampuni za simu. Tanzania iliondolewa kwenye orodha Juni 2025, Msumbiji Oktoba 2025. Mlipoona biashara na mikopo inaguswa, mlifanya kazi ndani ya miaka mitatu, na mliifanya vizuri. Nawaomba bidii ile ile kwa ajili ya watu wa mtoni.

Ninachoomba ni hiki. Kilambo na ng'ambo yake Namoto, vivyo hivyo Mtambaswala na Negomano, pawekwe dawati moja la pamoja, ofisa wa Tanzania na wa Msumbiji wakikaa chumba kimoja usiku na mchana. Liwe na namba ya bure inayopigika kwa laini za nchi zote mbili, maana mitandao yetu inashika hadi ng'ambo na yao inashika huku. Liwe na mamlaka ya kumwamsha kamanda wa upande wowote bila kusubiri Dar es Salaam wala Maputo. Mikataba ya ulinzi mliyotia saini Maputo Septemba 2022, na ile ya wakuu wa polisi ya Novemba 2020, itoshe kuwa msingi wake, msianze tena mazungumzo ya miaka.

Wavusha mitumbwi waandikishwe na wapewe vitambulisho, vivuko vyao vitambuliwe, ili anayekuja kutoa habari asiwe mkosaji kwa kuja tu. Iandikwe kwenye sheria za nchi zote mbili kwamba mtoa taarifa za mpakani hawekwi mahabusu kwa kosa la kuvuka, na jina lake halitoki nje ya chumba kile. Wafanyabiashara wadogo wapewe kibali chepesi cha kuvuka kwa siku chache, kwa sababu mpaka uliofungwa kwa mama wa samaki unabaki wazi kwa mwenye bunduki. Na anayekamatwa, awe nani, apelekwe mahakamani na ndugu zake waambiwe alipo.

Mikutano ya ujirani mwema kati ya mikoa yetu na majimbo ya Msumbiji ipo, tunaisikia redioni. Wakuu wanapigana picha, wanakula chakula cha mchana, wanatawanyika. Mkutano ujao mwiteni mwenyekiti wa kijiji cha Kitaya akae karibu na mkuu wa wilaya ya Palma. Mwiteni mvuvi mmoja wa kila upande, imamu mmoja na padri mmoja wa kila upande, na mama mmoja aliyerudishwa Negomano mwaka 2021 kama atakubali kuja. Waanze wao kusema, wageni rasmi wafuate. Wasiulizwe walivukaje.

Majibu yenu, kama yatakuwepo, naomba yatolewe hadharani, kwa Kiswahili na kwa Kireno, yasomwe kwenye redio za jamii za Mtwara na za Cabo Delgado kwa siku moja.

Wenu katika ujenzi wa ujirani mwema,

Mkulima wa korosho,
Mtwara.